Upweke Katikati ya Ndugu: Filamu Nzito na Mabinti wa Mara

Upweke katika filamu za Afrika Mashariki huwapata zaidi watu ambao hawajawahi kulala peke yao chumbani. Filamu maarufu za Marekani kuhusu upweke, kama Taxi Driver ya Martin Scorsese (1976) na Joker ya Todd Phillips (2019), humwonyesha mwanamume aliyejifungia katika makazi duni, ndani ya jiji ambalo hakuna anayemjali. Mtazamaji wa Tarime au Mugumu, mkoani Mara, anaweza kumhurumia mtu huyo, lakini maisha yake atayaona mageni: kijijini ni nani asiyejulikana? Filamu nzito za Tanzania na Kenya huanzia kwingine. Boma limejaa watu, kila mmoja anajua mtoto huyu ni wa nani, na ni humo humo anamokosa wa kumwambia lililo moyoni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaueleza upweke kuwa ni maumivu yanayotokana na pengo kati ya uhusiano ambao mtu anautaka na ule alionao. Hapo hakuna hesabu ya watu waliomzunguka. Ripoti ya kamisheni ya shirika hilo, iliyotolewa Juni 2025, ilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Katika nchi za kipato cha chini waliosema ni wapweke walifika takriban asilimia 24, ilhali katika nchi tajiri walikuwa kama asilimia 11. Wale wanaopenda kusema kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu wana la kujiuliza.

Filamu iliyolionyesha jambo hili kwa ukaribu mkoani Mara ni In the Name of Your Daughter, filamu ya hali halisi ya Giselle Portenier wa Kanada, iliyotoka mwaka 2018. Inawafuata wasichana waliotoroka kwao ili wasikeketwe, na nyumba salama ya Mugumu, Wilaya ya Serengeti, iliyowapokea chini ya uangalizi wa Rhobi Samwelly. Samwelly, ambaye baadaye aliongoza shirika la Hope for Girls and Women, alikeketwa yeye mwenyewe akiwa binti na amesimulia hadharani jinsi alivyovuja damu nusura afe. Msimu wa ukeketaji unaoonyeshwa ni ule wa Desemba, shule zinapofungwa na watoto wanaporudi mikononi mwa ukoo kwa wiki kadhaa.

Kwa sheria, suala la ukeketaji lilimalizwa zamani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana mwenye umri chini ya miaka 18. Takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha kushuka, ila kwa mwendo wa taratibu: wanawake waliokeketwa nchini walikuwa asilimia 10 katika utafiti wa mwaka 2015–16 na asilimia 8 mwaka 2022, na katika Mkoa wa Mara walitoka asilimia 32 hadi 28. Anayesoma namba hizo bila kuzijua koo za Wakurya ataona ukaidi mtupu. Filamu inamsaidia kuona sababu iliyo chini ya ukaidi huo.

Miongoni mwa Wakurya, tohara haiishi siku ya kisu. Waliotahiriwa msimu mmoja huwa rika moja, esaro, na rika hilo humfuata mtu maisha yake yote. Ndilo linalompa wenzake wa kucheza nao ngoma, wa kutaniana nao, na wa kusimama naye panapo harusi au msiba. Wazee wa mila wa ukoo ndio wanaopanga msimu, na siku zikishatangazwa familia nzima hujikuta kwenye mkondo: nyama, pombe, zawadi, wageni. Msichana anapokataa kisu anakuwa amekataa na rika. Ataitwa omosagane, jina la kumshusha, na ataendelea kuitwa hivyo hata akiwa na umri wa kuwa mama. Mahari yake huhesabiwa kuwa ndogo, kwa hiyo baba anaona ng'ombe wakipungua, na ndugu wa kiume anayetegemea ng'ombe hao ili naye aoe ana sababu yake ya kumkasirikia dada. Kampeni nyingi zimelitaja kovu na kulisahau rika, kana kwamba msichana akielezwa madhara ya kukeketwa hatabaki na la kupoteza. Analo, na ni kubwa.

Ndiyo maana swali linaloisukuma filamu ya Portenier halihusu kutoroka peke yake. Kutoroka kuna mwisho unaoonekana: msichana anatembea usiku, anafika kituo cha polisi au kwa mtu wa kanisa, anapelekwa nyumba salama. Gumu ni linalofuata. Je, atawaona tena wazazi wake? Akirudi watampokea, au watamshika wamkekete kwa nguvu? Msimu ukiisha, wazazi huitwa kuzungumza na wasimamizi wa nyumba, maofisa ustawi wa jamii na polisi wa dawati la jinsia, na hutakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba binti hatakeketwa. Wapo wanaoahidi na kutimiza. Wapo wasiofika kabisa, na mtoto akakaa akingoja huku akiwaona wenzake wakichukuliwa na mama zao.

Hapo filamu inagusa afya ya akili bila kuhitaji kuitaja. Utafiti mdogo uliofanyika Dakar, Senegal, na kuchapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha wanawake 23 waliokeketwa na 24 ambao hawakukeketwa, na ukakuta kuwa takriban asilimia 30 ya wale wa kundi la kwanza walikuwa na dalili kamili za kiwewe: jinamizi, kushtuka ovyo, kumbukumbu zinazorudi bila kuitwa. Anayetoroka anaepuka jeraha hilo na kubeba lingine lisilo na kovu. Anayemkimbia ndiye aliyemlea. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kumchukia mama yake moja kwa moja, wala hawezi kumwamini kama zamani, na hali hiyo ya katikati ndiyo inayomnyima usingizi. Katika kambi za Masanga, wilayani Tarime, ambako kituo cha kupinga ukeketaji kimekuwa kikiwapokea wasichana wakati wa msimu, hufanyika mahafali mwishoni, yenye nyimbo, sherehe na vyeti. Mtu wa mjini anaweza kuyaona kama mapambo. Kwa kweli ndiyo sehemu ya kambi inayojibu tatizo lenyewe, kwani wasichana wanaohitimu pamoja wanakuwa wamepata wenzao, na rika jipya limezaliwa bila damu.

Ukimya wa mtu aliyeumizwa na wa kwao ulikwisha kuingia katika sinema ya Tanzania mapema zaidi. Maangamizi: The Ancient One, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar, mwaka 2001. Mahali pake ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Samehe, anayeigizwa na Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hajasema neno kwa miaka mingi. Daktari Mmarekani mweusi, Asira, anakuja na elimu yake ya magharibi na kukuta mgonjwa mwenye mzimu wa bibi anayezungumza naye. Ubora wa filamu uko katika kutomfanya yeyote kati yao mjinga. Daktari ana jeraha lake, mgonjwa ana maarifa yake, na ukimya haufunguki mpaka wote wawili wakubali kwamba maradhi ya Samehe yalianzia katika historia ya nyumba, kabla hayajafika kichwani mwa mtu mmoja.

Filamu mbili zaidi zinaingiza simu na mtandao katika habari hii. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka 2013, inamfuata Alias, kijana mwenye ualbino. Baba yake anauawa, mama anamtuma mjini kwa mjomba, naye anaishi kwa kuuza miwani, DVD na simu za mkononi. Kijana anayewauzia wengine vifaa vya kuwasiliana hathubutu yeye mwenyewe kuonekana. Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa hofu hiyo, maana mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa mikoa yao tangu miaka ya 2000. The Letter ya Maia Lekow na Chris King, filamu ya hali halisi kutoka Kenya iliyotoka mwaka 2019, inaanza na kijana wa Mombasa anayekuta kwenye Facebook kwamba bibi yake huko kijijini anaitwa mchawi. Anarudi nyumbani na kugundua kuwa wanaomsingizia ni watu wa familia, na kwamba chini ya uchawi kuna shamba. Hata vikongwe wa Usukumani, waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia, walikuwa na jamaa tele. Mtandao haukuleta upweke huo. Ulichofanya ni kuipa tuhuma njia ya kusafiri usiku mmoja, mahali ambapo zamani ingehitaji soko na kilabu cha pombe.

Simu hiyo hiyo imetumika Serengeti kwa kazi iliyo kinyume kabisa. Vijiji vingi vya Mara havikuwa vimechorwa vizuri kwenye ramani, na gari la kumfuata msichana usiku lilikuwa likipotea njia. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umewaunganisha watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wanaokaa mbele ya kompyuta zao na kuchora barabara na nyumba za vijijini Tanzania kwa kutazama picha za setilaiti, kisha wenyeji wakaongeza majina ya mahali. Katika vijiji, wanawake waliofundishwa kutumia simu hutoa taarifa za hatari kwa nyumba salama. Mtu aliyekaa London hamjui msichana wa Serengeti na hatamwona. Hata hivyo barabara aliyoichora inaweza kumfikisha dereva mlangoni. Ni uhusiano wa aina ya ajabu, usio na sura wala salamu, na pengine unaonyesha kuwa ubora wa mawasiliano hupimwa kwa anayefika, si kwa wingi wa jumbe.

Namna filamu zinavyotazamwa nayo imebadilika. Katika vibanda vya video watu walilipa kiingilio kidogo, wakabanana kwenye mabenchi, na msimulizi kama Lufufu akawafasiria filamu ya kigeni kwa Kiswahili, akiongeza mzaha na maonyo yake. Aliyelia alilia mbele ya watu, na aliyecheka alichekwa. Sasa kijana wa Sirari, mpakani na Kenya, hutazama filamu kwenye simu, akiwa na visikilizi masikioni, pengine usiku wa manane. Filamu nzito ikitazamwa hivyo hubaki na mtazamaji mmoja. Inaweza kumpa faraja kwa kumwonyesha kuwa yupo mwingine aliyepitia yale, lakini haiwezi kumuuliza amelala vipi. Vipindi vifupi vya mitandaoni vinavyomwonyesha mwenye sonona kama mtu wa kuvutia, au vinavyoonyesha kujiua kwa undani, humwongezea mzigo aliye dhaifu. WHO ina mwongozo kwa watengenezaji wa filamu unaowataka wasionyeshe njia ya kujiua na waonyeshe watu wanaotafuta msaada na kuupata.

Msaada wenyewe uko mbali. Hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma, na kwa watu wa Mara hospitali kubwa iliyo karibu yenye huduma hiyo ni Bugando, Mwanza. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, jambo linalowafanya baadhi ya watu wafiche waliyoyapitia hata mbele ya mganga. Upande wa pili wa mpaka, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha aina hiyo kinapingana na katiba ya nchi hiyo.

Katikati ya umbali huo, kazi ya kutibu majeraha ya nafsi mkoani Mara imewaangukia walezi wa nyumba salama, walimu na maofisa ustawi wa jamii. Wanawafuatilia wasichana waliorudi kwao, kwa kuwa ahadi iliyotiwa saini Januari inaweza kusahaulika msimu mwingine ukikaribia, au msichana akavushwa mpaka akakeketwe kwa jamaa upande wa Kenya. Wasiorudi hutafutiwa shule au hufundishwa ushonaji. Baadhi ya wazazi walioapa kutomwona tena binti hubadilika pale anapoanza kupata kipato chake mwenyewe, na mazungumzo yaliyoshindikana mbele ya polisi huanza upya nyumbani.