Muuguzi Mwanafunzi na Uchaguzi wa Mwisho

Mwanafunzi wa uuguzi akikaribia kumaliza masomo yake hupelekwa mahali pa kufanyia mazoezi ya mwisho, kabla ya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Aghalabu chuo ndicho kipangacho. Lakini mwanafunzi akiulizwa apendako kwenda, mara nyingi hujibu upesi: hospitali kubwa, tena ya Nairobi. Mzazi naye, aliyeuza ng'ombe ili karo ipatikane, hufurahi, maana jina kubwa hupendeza kutajwa mbele ya jirani.

Sababu za kuipenda hospitali kubwa si za upuuzi. Hospitali ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, leo hupokea wagonjwa walioshindikana kwingine kutoka pande zote za nchi. Huko mwanafunzi ataona mashine za kusafisha damu, wadi ya walioungua na chumba cha wagonjwa mahututi. Ataona, lakini je, atatenda? Kando ya kitanda kimoja husimama daktari bingwa, madaktari wanafunzi, wauguzi waliohitimu, na wanafunzi wa vyuo mbalimbali. Asimamaye nyuma ya watu wote hao hujifunza kwa macho tu.

Yafaa kwanza afungue daftari lake la mazoezi, lile ambalo msimamizi hutia sahihi kila kazi ifanyikapo, aitazame mistari iliyobaki mitupu. Ikiwa bado hajazalisha akina mama wa kutosha, kwenda kukaa katika wadi ya mifupa ni kujichelewesha.

Kituo cha afya cha mashambani hakina sifa mjini, walakini humfundisha mtu kazi. Usiku huko muuguzi mmoja huweza kuwa ndiye mkunga, ndiye mtoa dawa, na ndiye mwandishi wa rejista. Mwanafunzi aliye pamoja naye husikiliza kila nusu saa moyo wa mtoto aliye tumboni, ambao kwa kawaida hupiga baina ya mara 110 na 160 kwa dakika, akaandika katika karatasi ya kufuatia uchungu. Mtoto akisha kuzaliwa, mama hudungwa yuniti 10 za oksitosini ili damu isimwagike. Na kama damu yapita mililita 500, hakuna daktari wa kuitwa kutoka chumba cha pili. Hapo hawana budi kuusugua mfuko wa uzazi mpaka ukaze, kutia maji ya mshipani, kuongeza dawa, na kumtuma mtu aite gari la wagonjwa, yote kwa pamoja. Dawa yenyewe huwekwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Basi hata kuitazama friji asubuhi na jioni huwa sehemu ya elimu.

Hata hivyo si kila kituo kidogo kinafaa. Kiko ambacho huzalisha mama mmoja kwa juma, na kingine hakina mtu wa kumsimamia mwanafunzi wala kutia sahihi. Hayo yaulizwe mapema, pamoja na habari ya malazi na nauli, hasa kwa binti atokaye zamu usiku.

Tena tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za serikali zi chini ya kaunti, na kaunti ndizo ziajirizo wauguzi wake. Kujulikana na wakubwa wa hospitali fulani si ahadi ya kazi, ila hakudhuru. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kwa muda wa miezi mitano; mwanafunzi aliyetegemea wadi hizo pekee alikuwa na shida kubwa. Kwa hiyo ni vema kuandika mahali pawili katika ombi, pa pili pakiwa hospitali ya misheni, na kuliwasilisha mapema, maana kituo kidogo hupokea wanafunzi wachache tu kwa wakati mmoja.