Kipimo Nacho Kipimwe

Kadhi hapokei ushahidi wa mtu kabla ya kuujua uadilifu wake. Kanuni hiyo ndiyo wanayoifuata mabingwa wa fizikia wa CERN, karibu na mji wa Geneva, Uswisi, nasi tunaona ina funzo kwa watu wa Ziwa.

Katika mtambo wao mkubwa, ulioanza kazi mwaka 2008, chembe ndogo kuliko atomu hugonganishwa kwa nguvu kubwa mno. Miongoni mwa mashahidi wa migongano hiyo ni vibamba vya silikoni, ambayo asili yake ni mchanga, vyenye unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Chembe ipitapo huzusha umeme kidogo ndani ya kibamba, na umeme huo ndio habari yake.

Lakini kibamba hakiaminiwi hivi hivi. Hutiwa umeme gizani, ikatazamwa kama kinavujisha kupita kiasi. Hupitishiwa chembe ambazo nguvu yake yajulikana, ili jibu lake lilinganishwe na ukweli. Vingine hupigwa mionzi kwa makusudi mpaka vidhoofike, ili uchakavu wake ujulikane mapema. Kwani kikishafungwa ndani ya mtambo, si rahisi tena kukifikia.

Jambo hili latuhusu sana. Vipande vya silikoni vya jamaa hiyo hutumika mahospitalini duniani kupima mionzi inayotibu saratani. Mgonjwa avukaye maji kutoka Ukara au Kome kwenda Bugando kutibiwa kwa mionzi hana jicho la kuiona. Ikipungua, ugonjwa hubaki. Ikizidi, mwili huungua. Kinga yake ni kipimo, na kinga ya kipimo ni kupimwa. Ndiyo maana Sheria ya mwaka 2003 iliipa Tume ya Nguvu za Atomu kazi ya kukagua matumizi ya mionzi nchini.

Wavuvi wetu hawajasahau mwaka 1999, soko la Ulaya lilipowafungia sangara wetu kwa hofu ya sumu. Maneno matupu hayakulifungua. Lilifunguliwa na vipimo na ukaguzi.

Hivyo twawaasa watendaji: bajeti inapobana, fungu la kukagua vyombo lisiwe la kwanza kukatwa. Nao wananchi wa visiwani wasione haya kuuliza: mashine hii ilikaguliwa lini?