Daftari la Sayansi la Kurasa Mbili: Kazi ya Mtoto, Nafasi ya Mzazi

Wazazi wengi wenye watoto katika shule za msingi na Sekondari Msingi wameliona daftari la Sayansi likirudi nyumbani limebandikwa vikaratasi na kuchorwa majani na mizizi. Upande mmoja una maelezo safi ya mwalimu. Upande wa pili una maandishi ya mtoto mwenyewe, mengine yana makosa, na mwalimu hakuyafuta. Kuna wazazi wanaodhani mwalimu amezembea. Kuna wanaokimbilia saiba kuchapisha picha za rangi ili daftari lipendeze. Wengine huketi usiku na kumwandikia mtoto.

Makala haya yanaeleza daftari hilo, ambalo walimu huliita daftari shirikishi, ni la nini, hupangwa vipi, na mzazi au mlezi anaweza kusaidia kwa njia gani bila kutumia pesa nyingi.

Kurasa mbili, kazi mbili

Daftari likifunguliwa, ukurasa wa kulia ni wa yale mtoto anayopewa darasani: tarehe, mada, maelezo ya mwalimu, hatua za jaribio na mchoro wenye majina ya sehemu zake. Ukurasa wa kushoto ni wa mtoto. Hapo huandika anachokisia kabla ya jaribio, huchora alichokiona, hueleza somo kwa maneno yake na kuuliza swali linalomsumbua. Walimu wengine hugeuza pande hizo. Si neno, mradi kila upande ubaki na kazi yake mwaka mzima.

Kurasa mbili za kwanza huachwa kwa ajili ya yaliyomo, na kila ukurasa hupewa nambari. Mtoto akitaka kurudia somo la ua au la umeme, hahitaji kupekua daftari lote.

Vile vikaratasi vya kufunua navyo si mapambo. Juu ya kikaratasi huandikwa, kwa mfano, "mizizi", na chini yake kazi ya mizizi. Mtoto hujiuliza kwanza, akajibu, kisha akafunua kuona kama amepata. Hivyo anaweza kujipima peke yake jioni hata kama hakuna mtu nyumbani anayeweza kumuuliza maswali.

Mfano wa maharagwe

Faida ya ukurasa wa kushoto inaonekana vizuri katika jaribio linalofanyika katika shule nyingi. Wanafunzi huweka maharagwe katika makopo matatu. Kopo la kwanza lina pamba yenye unyevu na linawekwa dirishani. La pili pia lina pamba yenye unyevu, lakini linafichwa kabatini kwenye giza. La tatu lina pamba kavu na liko dirishani.

Kabla ya kuanza, mtoto anaandika kushoto: "Maharagwe ya kabatini hayataota kwa sababu hayapati jua." Kila siku anaangalia, anapima kwa rula na kujaza jedwali. Baada ya wiki moja hivi, anakuta ya dirishani yenye unyevu yameota. Ya kabatini nayo yameota, tena shina lake ni refu kuliko yale mengine, ila ni jembamba na la rangi ya manjano. Yale makavu yamebaki jinsi yalivyokuwa.

Hapo mtoto hafuti alichokisia. Anaandika chini yake: "Nilidhani mbegu inahitaji jua ili iote. Sasa nimeona maharagwe yanaota gizani, lakini mche unakosa rangi ya kijani." Mwalimu akieleza kwamba maharagwe yanahitaji maji, hewa na joto la kiasi ili yaote, na kwamba chakula cha kuanzia kimo ndani ya mbegu yenyewe, maelezo hayo yanakuta mtoto tayari ana swali. Mwanga utahitajika baadaye, mche unapoanza kujitengenezea chakula. Mkulima hatashangaa, maana kila msimu huifukia mbegu udongoni ambako hakuna mwanga.

Mzazi akiona kosa lile la kwanza na kuuchana ukurasa ili daftari liwe safi, anaondoa ushahidi wa jambo ambalo mtoto amejifunza. Kosa lililoachwa, likifuatwa na marekebisho ya mtoto mwenyewe, linaonyesha fikra zake zilitoka wapi zikafika wapi.

Usitumie pesa nyingi

Daftari la kawaida la duka la mtaani, penseli na rula vinatosha. Gundi ikikosekana, uji mzito wa unga wa ngano hubandika vizuri. Upakwe kidogo na uachwe ukauke kabla ya kufunga daftari, la sivyo kurasa zitaota ukungu. Vikaratasi vya kufunua vinaweza kukatwa kutoka kwa kalenda ya mwaka uliopita au kurasa za daftari kuukuu. Jani halisi lililokaushwa ndani ya kitabu kizito ni bora kuliko picha ya jani iliyochapishwa, kwa sababu mtoto ameliokota na kulichunguza mwenyewe.

Mzazi akiambiwa alete vifaa asivyovimudu, azungumze na mwalimu wa somo mapema badala ya kumzuia mtoto nyumbani. Mara nyingi kipo kitu cha nyumbani kinachoweza kutumika badala yake.

Maswali matatu ya mzazi

Huhitaji kuwa umesoma Sayansi, wala kujua Kiingereza, ili kumsaidia mtoto. Mara moja kwa wiki, mwambie afungue daftari na umuulize:

1. Ulidhani nini kitatokea?
2. Uliona nini hasa?
3. Ni nini kimebadilika katika mawazo yako?

Anaweza kujibu kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Akiweza kukueleza kwa lugha mnayozungumza nyumbani, ameelewa. Kuandika kwa Kiingereza cha darasani kutakuwa rahisi zaidi. Akikwama, mwambie aandike swali lake upande wa kushoto alipeleke kwa mwalimu. Usimwandikie jibu. Mwalimu akiona mwandiko wa mtu mzima, hawezi kujua mtoto anahitaji msaada wapi.

Daftari na tathmini

Chini ya mtaala wa umilisi, maarufu CBC, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, mwanafunzi hapimwi kwa mtihani wa mwisho pekee. Katika Sekondari Msingi, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo anayopata baada ya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9. KPSEA ya Gredi ya 6 huchangia asilimia 20 nyingine, na KJSEA yenyewe asilimia 60. Tathmini hizo hutaka mtoto afanye jaribio, aandike alichokiona na kukieleza. Aliyezoea kufanya hivyo kila wiki katika daftari lake hatakuwa akijaribu kwa mara ya kwanza. Aliyezoea kufanyiwa nyumbani atakuwa peke yake siku hiyo.

Kwa watoto wa chekechea

Kwa mujibu wa Katiba, shule za msingi na za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, huku elimu ya chekechea ikiwa jukumu la serikali za kaunti. Mtoto wa PP1 au PP2 hawezi kuandika maelezo, lakini anaweza kuchora mbegu leo, akachora mche wiki ijayo, na kusimulia tofauti aliyoiona. Mzazi au mwalimu aandike tarehe pembeni na maneno ya mtoto jinsi alivyoyasema, bila kuyarekebisha.

Mwaka ukiisha, usilitumie daftari kuwashia jiko wala kulipeleka dukani kufungia bidhaa. Lihifadhi mahali pakavu. Masomo ya mimea, maji na umeme hurudi katika gredi za juu, na mtoto atahitaji kuona alianzia wapi.