Mpunga umeiva, nawe una homa

Wanachama wa Kabambare, munajua namna inakuwaga. Mpunga ukikauka hauongoji muntu: ndege wanakula, punje zinaanguka, mvua inalaza masuke chini. Basi mwenye homa anameza parasetamoli, anakamata kisu, anaenda kuvuna. Saa sita anasema: "Imeisha." Haijaisha! Parasetamoli inashusha homa tu. Kama ni malaria, vidudu vinabaki ndani ya damu.

Sisi tunashauri kituo cha afya kwanza, siku ile ile homa inaanza. Wanachoma kidole, na kisha dakika 15 ao 20 jibu linatoka. Dawa ya malaria ni ya siku 3, uimalize hata kama siku ya pili unasikia nguvu. Mama wa mimba na mutoto mudogo wasingoje hata kesho.

Sasa nani atavuna? Hiyo mupatane mbele ya mavuno: wenzake wamuvunie zile siku 3, naye akipona awarudishie kazi. Kooperative yenye kutoza mugonjwa amande inamusukuma shambani, na malaria kali itakula pesa ya mpunga wote. Siku za deni muandike mu kaye, palabre isitokee.