Mkwawa na Vita vya Kuvizia

Wajuzi wa mambo ya vita hupambanua aina mbili za mapigano. Ya kwanza ni vita vya uwanjani, ambamo majeshi mawili yenye safu, mizinga na amri zinazoshuka kwa daraja hukabiliana waziwazi, kila moja likitaka kuling'oa jingine mahali lilipo; ya pili ni vita vya kuvizia, ambavyo aliyepungukiwa na silaha hukataa kusimama pale adui anapomtaka asimame, akapiga na kutoweka, akamchosha mwenye nguvu kwa miezi na miaka. Aghalabu habari za aina hii ya pili husimuliwa kwa sifa za ushujaa na ujuzi wa pori, na sifa hizo ni za haki. Walakini mimi nashikilia kwamba vita hivyo huamuliwa zaidi na mkulima aliye tayari, na aliye na uwezo, wa kumlisha mpiganaji, na shahidi wangu ni Mkwawa, mtawala wa Uhehe, ambaye kwa muda wa miaka saba alipigana na Wajerumani kwa njia zote mbili.

Mwezi wa Agosti 1891 Emil von Zelewski, ofisa wa Kijerumani aliyejulikana kwa lakabu ya Nyundo, alipanda Uhehe akiwa na askari zaidi ya 300, mizinga na wapagazi, akichoma vijiji njiani. Tarehe 17, msafara wake ulipokuwa ukipita Lugalo, mtu nyuma ya mtu, katika njia nyembamba iliyopakana na vichaka na majabali, maelfu ya Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao tu, waliinuka kutoka mafichoni hatua chache kando ya njia. Hapa msomaji azingatie jambo moja. Fadhila ya bunduki ni umbali: mwenye bunduki humdhuru adui kabla adui hajamfikia, na safu huizidisha fadhila hiyo, kwa kuwa wote hufyatua kwa amri moja. Wembamba wa njia uliivunja safu, vichaka viliuondoa umbali, na askari aliyewahi kufyatua mara moja au mbili alijikuta ameshika chuma kifupi kuliko mkuki uliokuwa ukimjia. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wenziwe wengi na sehemu kubwa ya askari wake, na bunduki zipatazo 300 zikaangukia mikononi mwa Wahehe.

Baada ya ushindi huo Mkwawa aliitegemea ngome yake ya Kalenga, iliyozungushiwa ukuta mrefu wa mawe, nayo ndiyo iliyomponza. Wajerumani, ambao Lugalo hawakuwa na wa kumpiga ila vichaka, sasa walipata shabaha isiyohama. Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa, Tom von Prince, yaani Bwana Sakarani, akiwa miongoni mwa maofisa wake. Mizinga ikaipiga ngome, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaingiwa. Simlaumu Mkwawa kama baadhi ya waandishi wanavyomlaumu, kwani mfalme ana makao makuu, ana maghala ya baruti na pembe za ndovu, ana heshima inayotazamwa na majumbe walio chini yake, na si rahisi kwake kuyaacha hayo yote na kulala porini kabla hajalazimishwa.

Alipolazimishwa, alilala porini karibu miaka minne. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, wakajenga boma Iringa mwaka 1896, na doria zao zikazunguka usiku na mchana; hata hivyo watu waliendelea kumfichia habari na kumpelekea chakula. Ndipo watawala walipoacha kumwinda yeye peke yake, wakaanza kuwaadhibu waliomlisha: vihenge vilichomwa, mifugo ikatwaliwa, wanawake wakashikwa, watu wakahamishwa. Jeshi lililoshindwa kumwona mvizi liliyaona mashamba yake vizuri kabisa. Tarehe 19 Julai 1898, mgonjwa na karibu peke yake, Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe hai.

Maarifa hayo ya kumnyima mvizi chakula hayakusahauliwa. Katika Vita vya Maji Maji, baada ya bombomu za boma la Mahenge kuwafyeka wengi walioshambulia waziwazi tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wengi waligeukia kuvizia, na Wajerumani wakajibu kwa njaa iliyokusudiwa, wakiteketeza mazao wilaya baada ya wilaya. Makadirio ya waliofariki huanzia 75,000 na hufika 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Huko Kenya, tangu mwaka 1954, Waingereza waliwahamishia zaidi ya Wakikuyu milioni moja katika vijiji vilivyolindwa, ili wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa misituni wasipate chakula. Nasema kwa uchungu kwamba mbinu hii hufaulu mara nyingi, na kufaulu kwake hakuipunguzii dhambi.

Hata leo, ambapo ndege zisizo na rubani huona usiku kama mchana, raia yu pale pale katikati. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewang'oa makwao mamia ya maelfu ya wakulima na wavuvi, wakikimbia wavizi wanaopora akiba zao na mapigano yanayofuata nyuma ya wavizi hao.

Fuvu linalosemwa kuwa la Mkwawa lilirejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na Gavana Twining, nalo limehifadhiwa Kalenga, ambako wanafunzi hupelekwa kulitazama. Nawasihi walimu wa tarihi wanaowaongoza wanafunzi hao wasikomee katika fahari ya Lugalo, bali wawaeleze pia habari za wanawake na wakulima wa Uhehe waliomlisha mtawala wao kwa miaka minne, na yaliyowapata kwa ajili hiyo.