Ushahidi wa picha za Bucha

Tumezoea kumdhania mchoraji wa ramani na picha katika chumba cha habari kuwa ni mpambaji tu wa ukurasa. La hasha!

Mwezi Aprili 2022, miili ya raia ilipoonekana barabarani katika mji wa Bucha, nchini Ukraine, serikali ya Urusi ilidai kuwa iliwekwa pale baada ya majeshi yake kuondoka tarehe 30 Machi. Waandishi wa picha wa gazeti la New York Times hawakubishana kwa maneno. Waliichukua video iliyopigwa kutoka ndani ya gari mtaani Yablonska, wakailinganisha na picha za setilaiti za kampuni ya Maxar, mahali kwa mahali. Ikabainika kuwa vitu vyeusi vyenye ukubwa wa mwili wa binadamu vilitokea pale pale kati ya tarehe 9 na 11 Machi, mji ukiwa bado mikononi mwa Warusi.

Kazi hiyo, tuseme kweli, yaumiza moyo. Hufanywa mbali na vita, mbele ya kompyuta, kwa kumtazama tena na tena marehemu usiyemjua, hata uhakikishe alilala upande gani wa njia.