Mahali pa Kumtafuta Samaki katika Athi na Tana

Wavuvi wa pwani wakimtafuta jodari hawatupi ndoana ovyo. Hutazama kwanza ndege: wakiwaona wamekusanyika na kupiga mbizi mahali pamoja, hujua kwamba samaki wadogo wamepanda juu na jodari wako chini yao. Sisi wa Kitui na Makueni hatuna bahari, lakini tunao mto Athi unaopita kati yetu, na huko kaskazini mto Tana pamoja na bwawa la Kiambere lililokamilika mwaka 1988. Huku pia samaki huonyesha alipo, ila wengi hukaa kutwa penye maji yasiyo na kitu, kisha husema mto hauna samaki.

Perege, ambaye wengi humwita tilapia, mtafute mchana. Hapendi maji yaendayo kasi. Tazama mto unapopinda, nyuma ya mawe makubwa na penye matete, ambapo maji hutulia. Asubuhi na jioni huja kando kula. Jua likiwa kali huteremka kwenye kina au kivulini. Chambo chake ni mnyoo au donge dogo la ugali, na ndoana iwe ndogo, kwa maana kinywa chake si kikubwa. Ukiona mashimo ya mviringo kama sahani katika mchanga wa maji mafupi, hayo huchimbwa na dume wakati wa kuzaa, naye jike huyabeba mayai kinywani. Waache hao, nenda mbele kidogo.

Kambare ni mwingine kabisa. Yeye hupenda tope na hutembea usiku, akitafuta chakula kwa ndevu zake na kwa harufu. Basi chambo kikae chini kabisa, nacho kiwe cha kunuka. Utumbo wa kuku wafaa sana. Tena kambare hupumua hewa, kwa hiyo hupanda juu mara kwa mara. Ukiona maji matulivu yakifumuka na kutoa viputo, tega hapo. Mvua zikifurika majani ya kando hupanda huko kutaga, na hata mtoto aweza kumkamata kwa kikapu. Lakini mkiwamaliza majike wakati huo, msitazamie samaki wengi baadaye.

Usimngojee kambare usiku ukingoni. Funga mshipi kwenye mti kabla ya jua kuchwa, urudi nyumbani, uje asubuhi kukiwa kumepambazuka. Mamba huzoea desturi za watu: mtu akisimama pale pale kila siku saa ile ile, humngojea. Badili mahali, tumia ufito mrefu, simama mbali na maji, wala usipasulie samaki ukingoni, maana damu humwita. Ndoana ikinasa kwenye mizizi, kata mshipi. Usiingie majini kuitoa, wala usimtume mtoto.

Samaki uliyemkuta akielea amekufa usimle, hasa katika Athi, ambao hubeba uchafu kutoka Nairobi. Sumu na baruti zimekatazwa na sheria. Anayetaka kuvua kwa nyavu apate samaki wa kuuza, aende kwanza ofisi ya samaki ya kaunti yake aulize habari za leseni na ukubwa wa matundu ya nyavu kabla hajatoa fedha zake dukani.